Kasisi wa Arobaini na Moja

Katibu wa dayosisi alifika saa nne asubuhi, bahasha kaibana kwapani kama mtu aliyebeba yai. Akakaa ukingoni mwa kochi, akakohoa, akasifu mapazia, kisha akaulizia magoti ya mwenye nyumba, goti moja baada ya jingine. Mtu akiulizia magoti yako yote mawili kabla ya chai, jua ana jambo.

Mwenye nyumba alikuwa askofu mstaafu. Miaka themanini na minne, sikio la kushoto limelala, la kulia linasikia hata yasiyomhusu. Alivaa sweta lenye kiraka kiwikoni na juu yake msalaba wake wa kifuani, kwa sababu msalaba, alisema, haustaafu.

"Baba Askofu," katibu alianza, "Kamati ya Historia imeandaa wasifu wako. Maisha na utumishi. Tunaomba uupitie, urekebishe tarehe."

"Wasifu wa nini?"

"Wa... kumbukumbu tu, Baba."

Mkewe alikuwa ameweka beseni la viazi mlangoni, akimenya huku asipitwe na neno. Alicheka mpaka kiazi kikamponyoka. "Mzee, wanakupima sanda umekaa! Simama basi wapate na urefu."

Katibu aliapa sivyo. Lakini ukurasa wa mwisho, baada ya maneno "aliitwa na Bwana tarehe", zilipangwa nukta kumi na mbili safi kabisa, zikimsubiri mzee wa watu.

Askofu akavaa miwani akaanza kusoma kwa sauti. Kusoma kimya hakukuweza, madhabahu ilishamharibu.

Wasifu ulisema alisikia wito akiwa na miaka kumi na miwili, akiwa peke yake katika maombi. "Uongo mtakatifu," alisema. Ukweli ni kwamba baba yake, fundi viatu, alichoka na mtoto anayebishana na wateja, akamkokota mpaka kwa kasisi: mchukue huyu, mdomo wake utawafaa ninyi kuliko viatu vyangu. Wasifu ulisema chuoni alikuwa mnyenyekevu. "Ruka hapo," mkewe alisema, "tuna mgeni." Akaruka. Alifundisha katekisimu, akawa shemasi, akawa kasisi, akazunguka parokia mbili kwa baiskeli miaka tisa mpaka makalio yakaota sugu. Akachaguliwa askofu kwa kura moja ya ziada, na hadi leo kila mzee wa sinodi ile anadai kura hiyo ilikuwa yake. Alikalia kiti miaka kumi na tisa. Alijenga makanisa ishirini na mawili. Moja lilianguka, lakini wasifu haukuwa na nafasi ya maelezo hayo.

Mpaka hapo alikuwa anacheka. Kisha akafika aya ya chini.

"'Katika mwaka wake wa kumi na mbili wa uaskofu, Baba Askofu alikuwa katika mapumziko ya matibabu,'" alisoma. "'Katika utumishi wake wote aliwawekea mikono makasisi arobaini.'"

Akavua miwani. Kisu cha viazi nacho kikanyamaza.

"Niliugua nini?"

"Baba?"

"Mwaka ule. Nauliza niliugua nini, maana mgonjwa ana haki ya kujua. Mwaka mzima! Tumbo? Surua?"

"Imeandikwa hivyo kwa busara tu, Baba."

"Sikuugua hata mafua. Nilisimamishwa kazi. Na makasisi si arobaini, ni arobaini na mmoja."

Katibu aliyaangalia mapazia tena, safari hii bila kuyasifu. "Yule hahesabiwi, Baba."

Basi, msomaji, ngoja ujue "yule" ni nani, usije ukabaki unaninyemelea kwa maswali.

Yule ni mama mmoja, mrefu, mkavu, mwenye sauti ya chini. Dayosisi nzima inamwita Shemasi wa Milele. Katika kanisa hilo mtu huanza kwa ushemasi, mwaka mmoja hivi, akijifunza. Kisha askofu humwekea mikono awe kasisi. Shemasi anabatiza, anahubiri, anazika. Asichoweza ni kusimama mezani akabariki mkate na divai. Ushemasi ni kibaraza, watu hupita tu kuingia ndani. Yeye alikuwa barazani kwa miaka ishirini na minane.

Walimpeleka kanisa la mlimani ambako kila kasisi aliyepangiwa alipata ghafla ugonjwa wa mapafu. Watu wa kule walikuwa wakiiona Meza ya Bwana mara moja kwa mwaka, kama chanjo. Siku moja askofu, enzi zake, alipanda kuwatembelea. Wakati wa kuondoka mzee mmoja wa kanisa akashika mpini wa mlango wa gari kama anataka kuung'oa. "Baba Askofu," alisema, "mama huyu ndiye anayetuzika. Mbona hawezi kutulisha?"

Askofu alikuwa mtu asiyeweza kukaa na swali bila jibu, ni kama kokoto kiatuni. Wiki tatu baadaye, Jumanne, mvua ikinyesha, alipanda tena na makasisi wawili wazee, marehemu wote sasa, wakamwekea yule mama mikono.

Katika kanisa hilo mikono ikishawekwa, imewekwa. Hakuna ibada ya kuiondoa. Lakini kuna karatasi: barua ya daraja, yenye saini ya askofu na muhuri wa dayosisi. Kabla karatasi haijaandikwa, maaskofu wenzake walimwita. Walimkalisha nje mwaka mmoja. Kisha wakamwambia anaweza kurudi kwenye kiti, kwa sharti: mama arudi kuitwa shemasi, barua isitolewe, na jambo lenyewe lisitajwe. Sinodi ingeunda kamati ya kulitazama.

"Nawe ukakubali," mkewe alisema pale mlangoni, baada ya katibu kuondoka akiwa ameacha chai nusu. Husema hivyo kila jambo lile likitajwa, kwa sauti ileile ya kusema chumvi imeisha.

"Nilikubali."

"Mwisho wa mwezi anafikisha sitini na tano. Anastaafu."

"Najua."

"Na Jumapili hii kuna kuweka mikono makasisi wapya. Nyingine ni mwakani."

"Mwanamke, najua!"

"Nakukumbusha tu. Nasikia ulikuwa mgonjwa."

Askofu akatafuta fimbo yake ya kutembelea.

*

Ofisi ya dayosisi haikubadilika ila rangi ya ukuta. Aliyekuwa kwenye kiti sasa ni mtu wa miaka hamsini na miwili, lakini watu wote walimwita Askofu Kijana, maana miaka mingi alikuwa akitembea nyuma ya mzee huyu akimshikia fimbo ya kiaskofu na kumnong'oneza majina ya watu.

"Baba! Usikae hapo, springi imekatika."

"Naijua. Niliikata mimi." Akakaa palepale. "Umenifanya mgonjwa, Askofu."

"Ah, wasifu. Ile ni kamati, Baba."

"Kamati haina mkono wa kuandika. Sikiliza, sikuja kuhusu wasifu, huo msome mtakavyo, nitakuwa nimelala. Nimekuja kuhusu barua ya daraja ya yule mama. Mimi nitie saini, wewe utie muhuri, kabla hajastaafu."

Askofu Kijana alifungua droo akaifunga bila kutoa kitu. "Suala hilo liko kwenye kamati."

"Ile ile?"

"Ile ile."

"Miaka ishirini na sita! Kamati ikazaa kamati ndogo, kamati ndogo ikazaa taarifa, taarifa ikaomba muda. Wajumbe watatu nimewazika kwa mkono wangu. Unangoja niwamalize?"

"Baba, nina parokia kumi na moja zimeniambia wazi: akiitwa kasisi, wanajitenga. Ungekuwa wewe kwenye kiti hiki ungefanyaje?"

"Nilikuwa kwenye kiti hicho, nikafanya. Kisha nikaharibu, nikanyamaza. Wewe umeanzia nilipoharibia."

Hapo kijana akainua uso. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka, mwenye simu mbili mezani zote zikitetemeka. "Jumapili njoo, Baba. Ukae nami mbele, uweke mkono pamoja nasi. Ni heshima yako. Lakini ukileta fujo, nitakuondolea ruhusa ya kuhudumu. Nasema kwa heshima."

"Umesema vizuri. Mimi ndiye niliyekufundisha kutisha watu kwa heshima."

Alitoka akitabasamu, ila tishio lilikuwa limemwingia mpaka mfupani. Askofu akishastaafu, katika dayosisi yake mwenyewe ni mgeni. Hahubiri, habatizi, hasimami mezani mpaka aliye kwenye kiti ampe ruhusa kwa maandishi. Mzee alikuwa na ruhusa hiyo, na kwayo kila Jumatano saa mbili asubuhi aliongoza ibada katika kanisa dogo la pembeni, yeye na bibi vizee kumi na mmoja, mmoja wao akisinzia tangu zaburi ya kwanza. Hakuna aliyejua, labda mkewe, kwamba alizipenda Jumatano zile kuliko alivyowahi kuupenda uaskofu.

*

Shemasi wa Milele alikuwa ameshuka mjini kwa ajili ya Jumapili. Askofu na mkewe walimkuta kwenye chumba cha nyuma cha kanisa kuu, akipiga pasi vitambaa vya madhabahu. Mkewe askofu alimkumbatia, wakaulizana habari za wajukuu na za meno, wakacheka. Askofu akasubiri kama mtu anayesubiri benki.

"Shikamoo, Baba Askofu."

"Marahaba, mama. Nimepata njia. Jumapili, makasisi watakapoitwa kupanda kuweka mikono, nitakushika mkono, tupande wote. Mbele ya watu wale hatathubutu kukushusha."

Akasimamisha pasi. "Hapana."

"Hapana nini?"

"Hapana, sipandi." Alikunja kitambaa mara mbili, mara tatu. "Baba, ulishanishika mkono mara moja. Ulinipandisha, kisha ukashuka ukaniacha katikati ya ngazi."

Askofu akamgeukia mkewe. Mkewe alikuwa akitazama dari, eti anachunguza utando wa buibui.

"Sijakusahau hata siku moja," alisema. "Huruma yangu kwako..."

"Ilinifika. Kila mwaka, ndani ya kadi." Hakupandisha sauti, na ndiyo maana ilikata. "Huruma ya kimyakimya haivaliki, Baba. Kule juu watoto wananiuliza, mama, wewe ni nani hasa? Najibu shemasi. Najibu uongo Jumapili hadi Jumapili, kwa sababu wewe ulikula kiapo cha kunyamaza na mimi nikalishwa pamoja nawe, bila kuulizwa kama nina njaa."

"Sasa unataka nifanye nini? Nina miaka themanini na minne!"

"Useme. Kwa mdomo wako, mbele ya watu. Usiseme kwamba ninafaa, hilo wanalijua. Sema ulichofanya Jumanne ile. Halafu sema ulichofanya baadaye. Ukisema yote mawili, nitapanda kwa miguu yangu, sihitaji kushikwa. Ukisema moja, nitabaki chini nimeshika kitabu cha Injili."

Akarudisha pasi kwenye kitambaa. Mazungumzo yakawa yameisha.

Njiani mkewe alisema, "La kwanza utalisema hata ukiwa umelala. La pili ndilo litakukwama kama mwiba wa samaki."

"Uko upande wa nani wewe?"

"Nimelala na wewe miaka hamsini na saba. Nina haki ya kuchagua upande."

Jumamosi mchana kutwa alifanya mazoezi uani, fimbo mkononi, mbele ya kuku. Sehemu ya kwanza kuku walisikiliza vizuri. Sehemu ya pili hakuifikisha mwisho hata mara moja. Kuku wakaona hotuba haina nyama, wakaenda zao.

*

Kanisa kuu lilijaa mpaka madirishani. Wa kuwekwa walikuwa watatu, na wa kwanza alikuwa mtu mnene, zamani mwalimu wa shule kule mlimani. Walipiga magoti kwenye ngazi. Askofu Kijana alisimama juu yao na kofia yake ndefu, jasho likimtiririka masikioni. Mzee alikaa kulia kwake, kiti cha heshima, joho lake la zamani likinuka dawa ya nondo. Chini, upande wa mashemasi, yule mama alisimama ameshika kitabu cha Injili kifuani.

Ikafika saa. Desturi ya kanisa hilo ni kwamba askofu haweki mikono peke yake. Makasisi wote waliopo hupanda, wanamzunguka anayewekwa, kila mmoja anatia mkono wake juu ya kichwa au bega. Ni makasisi tu. Shemasi habandiki hata kidole.

"Makasisi na waje," alisema Askofu Kijana.

Wakaja, majoho yakichakarika kama majani makavu. Mzee hakusogea. Askofu Kijana akamnyooshea mkono. "Baba, karibu."

Mzee akainuka kwa fimbo yake. Lakini badala ya kuingia katika mduara, alishuka ngazi mbili, akageukia watu.

"Baba," kijana akanong'ona, "rudi ukae."

"Nimekaa miaka ishirini na sita," mzee alisema kwa sauti ya kanisa zima. "Makalio yameisha."

Kuna waliocheka, kisha wakaogopa walichocheka. Katibu, pale pembeni, alimkonyeza fundi wa mitambo, na kipaza sauti kikafa. Masikini katibu. Mzee huyu alikuwa askofu kabla ya vipaza sauti. Alikuwa akihubiri uwanjani dhidi ya upepo. Alivuta pumzi tu.

"Miaka ishirini na sita iliyopita, siku ya Jumanne, mvua ikinyesha, nilimwekea mikono mwanamke awe kasisi. Sikuwa nimelewa. Sikuwa mgonjwa. Sikukosea kichwa. Mzee mmoja wenu aliniuliza swali, na hilo ndilo lilikuwa jibu, na leo nikiulizwa nitajibu vilevile!"

Kelele zikapanda. Akina mama wa safu za nyuma walipiga makofi, bwana mmoja mwenye tai alinyanyuka akatoka akikanyaga miguu ya watu, mwingine akapaza sauti, "Sheria ya kanisa, Baba!" na mama mmoja akamjibu, "Kaa chini, hata mkeo humwezi!" Mzee akainua mkono. Pakatulia.

Ikabaki sehemu ya pili.

Akafungua mdomo, ikakwama. Palepale mkewe alipotabiri. Aliona nyuso mia saba zikimngoja, watu aliowabatiza, aliowaozesha, watu waliokata kuni wampikie chai alipopita na baiskeli. Walikuwa wanamtazama kama shujaa, na neno lililobaki lingemvua ushujaa huo kama nguo. Angeweza kunyamaza hapo, akaketi na makofi yake. Alimtazama yule mama. Hakuwa anapiga makofi wala hakuwa na hasira. Alikuwa ameshika kitabu tu, kama alivyosema.

"Kisha nikaogopa," mzee alisema, taratibu sasa, na watu wakainama mbele kusikia. "Waliniambia nichague, kiti au yeye. Nikachagua kiti. Nilirudi nikakikalia miaka saba mingine, nikavaa pete, mkanibusu mkono, na mwenzangu nilimwacha nje nikijua yuko nje. Mkiambiwa mwaka ule niliugua, msiamini. Ugonjwa wangu ulianza niliporudi."

Hakuna aliyepiga makofi.

"Sasa basi," alisema, na kidevu kikapanda tena, "mimi siweki mkono mahali ambapo kasisi mwenzangu amekatazwa. Wanaotaka kuniadhibu, niko hapa, sikimbii. Hata nikikimbia mtanikuta mlangoni, magoti haya."

Yule mama alimpa shemasi wa jirani kitabu cha Injili. Kisha akapeleka mkono ubavuni. Shemasi huvaa stola, ule utepe mrefu wa ibada, mshazari, kutoka bega la kushoto hadi ubavu wa kulia, na pini huishikilia isiteleze. Kasisi huining'iniza shingoni, ncha mbili zishuke mbele. Akachomoa pini. Akaivuta stola juu ya kichwa, akaiweka shingoni, akainyoosha ncha zote mbili kwa viganja, bila haraka, kama mtu anayetandika kitanda chake mwenyewe. Pini akaichomeka kwenye mkono wa kanzu, maana hakuwa mtu wa kutupa vitu. Akapanda.

Makasisi wengine walimpisha. Mmoja, mwenye mashavu, alijigandisha kama nguzo. Mama akasimama nyuma yake, akapitisha mkono wake mrefu juu ya bega la nguzo ile, kiganja kikatua juu ya utosi wa mwalimu mnene. Ukitaka kuzuia watu, uzaliwe mrefu.

Mzee naye akapanda, akatia mkono wake kando ya ule.

Mikono yote ikawa imewekwa isipokuwa ya Askofu Kijana. Bila yake hakuna kitu, na kwa yake kila kitu. Alisimama na mikono imeinuka hewani. Angeweza kusema neno moja tu, shuka. Katibu alikuwa akimtikisia kichwa. Parokia kumi na moja zilikuwa mle ndani, zimekaa kwa safu.

Chini yao mwalimu alinong'ona, lakini walimu hawajui kunong'ona. "Baba Askofu, mama huyu ndiye aliyenifundisha sala. Mkono wake uacheni. Na tafadhali, magoti yananiuma."

Askofu Kijana alimtazama mzee. Mzee hakukonyeza, hakusihi, alimtazama tu kwa yale macho aliyokuwa akimtazamia zamani akisahau jina la mtu. Kijana akafumba macho kama anayeingia maji ya baridi, akateremsha mikono, akaanza sala.

Aliisoma yote. Mwalimu akawa kasisi, na wa pili baada yake, na wa tatu, na juu ya kila kichwa ulikuwapo mkono mmoja mrefu wenye alama ya pasi.

*

Baada ya ibada, chumbani kwa mavazi, makasisi walioweka mikono huandika majina katika daftari la kanisa. Katibu alikuwa amelishika. Zamu ya mama ilipofika, kalamu ikamganda mkononi.

"Hapa ni makasisi," alisema, akiongea na daftari.

"Mpe kalamu," alisema Askofu Kijana. Alikuwa amevua kofia, nywele zimemlalia, anaonekana mdogo kweli.

Mama akaandika jina lake, na mbele yake daraja, kwa mwandiko wa mtu aliyefundisha wengi kuandika. Akapuliza wino ukauke.

"Nitakuandikia barua, Baba," Askofu Kijana alisema bila kumtazama mzee. "Nilikwambia."

"Uliniambia. Iandike. Usiogope kutumia maneno makali, mimi huwa nayapenda."

"Umenifunga kamba, Baba."

"Kamba gani? Mikono ilikuwa yako." Kisha akamshika bega, taratibu. "Leo umekuwa jasiri kuliko mimi. Mimi niliweka mikono mlimani, mvuani, watu watatu wanaona."

Kijana alifuta uso kwa taulo muda mrefu kuliko uso ulivyohitaji.

Barua ilifika Alhamisi. Kwa heshima na taadhima, ruhusa ya kuhudumu imeondolewa kwa miezi sita. Bibi vizee wa Jumatano wakapewa kasisi chipukizi anayewahubiria kama viziwi. Kwa haki, ni viziwi. Parokia tatu ziliandika barua za hasira, nane zikaunda kamati. Na kwa yule mama haikwenda barua yoyote, wala ya kumpongeza wala ya kumkataza. Katika kanisa hilo, kutopata barua nako ni barua.

Kwa hiyo Jumapili ya mwisho wa mwezi, iliyokuwa Jumapili yake ya mwisho kazini, alisimama mezani kule mlimani. Mzee na mkewe walipanda kwa gari la jirani muuza mbao, wakakaa benchi la tatu kati ya watu. Mzee alikuwa na sweta lake. Msalaba aliuacha ndani ya sweta, asije akaonekana anahudumu.

Ulipofika wakati wa kwenda mezani, mzee aliinuka wa kwanza akaelekea mbele moja kwa moja, kama alivyozoea miaka sitini. Mkewe akamdaka ukosi.

"Wapi? Kuna foleni."

"Foleni?"

"Ndiyo, Baba Askofu. Sisi wengine huwa tunapanga foleni."

Akapanga. Nyuma ya mama mwenye mtoto mgongoni, mtoto akimkodolea macho njia nzima, naye akimtolea ulimi watu wasipoona. Alipofika mbele akapiga magoti, hakujua mikono iwekwe vipi kwa mpokeaji. Alitazama jirani akaiga, kiganja juu ya kiganja. Kasisi akaja na mkate. Alisimama mbele yake, akamwekea kipande kiganjani, akakigandamiza kidogo kwa kidole gumba ili kisianguke.

"Mwili wa Kristo," alisema.

"Amina," mzee alisema. Akala. Akabaki amepiga magoti, kichwa chini, na walio nyuma wakaanza kusukumana.

"Sogea, Mzee," mkewe alimnong'oneza, akimtia kiwiko. "Wenzio wana njaa."

"Niinue basi," alisema. "Unafikiri nasali?"